Kishazi Kilichokata Kidole

Mwaka 2007, nikiwa na umri wa miaka kumi, niliwahi kuikimbilia helikopta. Ulikuwa msimu wa kampeni za uchaguzi mkuu, na katika uwanja wa shule yetu ya msingi, viungani mwa mji wa Kitale, haikupita siku bila uvumi kwamba “chopa” ingetua. Ilipotua hatimaye, sote tulitimua mbio kulielekea vumbi lake. Hakuna aliyetuambia tukimbie, wala hakuna aliyetuambia tusikimbie. Waliotuzuia ni wanaume wawili wenye fimbo, nao hawakuwa na neno lolote ila fimbo zenyewe. Naanzia mbali kiasi hiki, mpenzi msomaji, kwa sababu kisa ninachokusudia kukusimulia kinahusu helikopta nyingine, ndogo mno, inayotosha juu ya meza ya kulia chakula. Na kwa sababu mbio zile zilinirudia miaka mingi baadaye, safari hii kwa miguu ya watoto wengine.

Desemba 2024 nilirejea nyumbani nikiwa nimebeba sura mbili za tasnifu yangu ya uzamili, ambazo msimamizi wangu alikuwa amezirudisha zikiwa zimelowa wino mwekundu. Nilimkuta mdogo wangu, ambaye hutengeneza simu na redio katika kibanda chake mjini, akiwa na jambo la kunionyesha. Alikuwa amenunua sanduku kutoka kwa mtu aliyekuwa akihama na kuuza vyombo vyake vya nyumbani. Ndani mlikuwa na helikopta ya mfano inayoongozwa kwa rimoti, ikiwa imefunguliwa nusu. Kifuko cha skrubu, betri mbili, chaja, na kijitabu cha maelezo kilichoandikwa kwa Kichina na kwa Kiingereza kilichokaa kama Kichina.

“Kaka, wewe ndiwe msomi,” aliniambia. “Mimi mikono ninayo. Wewe nisomee tu.”

Nilikubali kwa furaha ambayo, nikiitazama sasa, haikuwa na unyenyekevu ndani yake. Nilinunua daftari la kurasa 96 na kuanza kukifasiri kijitabu hicho kwa Kiswahili sanifu. Kwa muda wa miaka sita nilikuwa nimeichambua lugha hii katika riwaya na tamthilia. Hapakuwa na mtu aliyewahi kunitaka niitumie kukaza skrubu.

Yafaa nieleze kidogo chombo chenyewe. Wengi wetu siku hizi tumeziona droni zikipiga picha harusini. Mwenye droni akiachilia vijiti vya rimoti, chombo chake husimama hewani kikamsubiri. Helikopta hii ya mtindo wa zamani haina subira hiyo. Hakuna ndani yake kitu kinachojua chini ni wapi. Uiachilie kwa sekunde mbili, nayo itajilaza ubavu na kuanguka. Juu ya mlingoti wake mna mabawa mawili yazungukayo, kila moja lina urefu wa sentimita 32 na ushei. Chini yake kuna kisahani kinachoshikiliwa na vifito vitatu, na kila kifito huvutwa na mota ndogo iitwayo sevo. Sevo zote zikikisukuma kisahani juu kwa pamoja, mabawa yote mawili huongeza mwinamo, yakauma hewa zaidi, na helikopta hunyanyuka. Kisahani kikiinama upande mmoja, kila bawa hubadilisha mwinamo wake ndani ya kila mzunguko, likaisukuma hewa zaidi upande huu kuliko ule. Hapo ndipo chombo huinama na kwenda. Mkiani mna mabawa madogo yanayozunguka kwa kasi ya zaidi ya mara nne ya yale makubwa. Kazi yake ni kuuzuia mwili usizunguke kinyume. Yanasaidiwa na kifaa kiitwacho jairo, ambacho huhisi mkia ukianza kutoroka na kuurudisha kabla jicho halijang’amua.

Nimeandika “mabawa” kwa makusudi, maana hapo ndipo tulipoanza kubishana. Kamusi ilikuwa imenipa neno rafadha, nami nikalipenda kwa mlio wake. Mdogo wangu alilisikia mara moja akalisahau papo hapo. “Hayo ni mapanga,” alisema. Nilimweleza kwamba panga ni la kufyekea, kwamba istilahi njema haina budi kuepuka utata. Alikishika kipande kimoja, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wake mwembamba, akanitazama bila kujibu. Katika daftari nikaandika rafadha.

Mbele na nyuma ya chombo pia kulituletea kesi. Niliona fahari kumfundisha maneno ya wanamaji, omo na tezi, kana kwamba sisi wa Trans Nzoia tumewahi kuliona jahazi likitia nanga. “Tezi si ule uvimbe wa shingoni?” akauliza, naye alikuwa na haki ya kuuliza. Hapo nilishindwa mara moja, tukaandika pua na mkia.

Siku ya tatu nilikuwa nimeketi dirishani nikimsomea kwa sauti. Yeye alikuwa mezani, rimoti imewashwa, betri imeunganishwa, helikopta iko mbele yake ikiwa imevikwa kila kitu, kwa kuwa jioni iliyotangulia tulikuwa tumeiunganisha yote ili mama aione. Sentensi niliyomsomea ninaikumbuka neno kwa neno, maana niliitunga mwenyewe na kujivunia: “Sukuma kijiti cha kushoto polepole hadi juu ili utazame jinsi kisahani kinavyopanda kwa usawa, mradi uwe umekwisha kuhakikisha kwamba nyaya tatu za mota kuu zimetenganishwa na rafadha zimeondolewa mlingotini.”

Sikuwahi kufika kwenye “mradi”.

Kijiti cha kushoto hakipandishi kisahani pekee. Ndicho pia kinachoipa mota kuu nguvu. Nilisikia mlio kama wa turubai linalopasuka, kisha helikopta ikaruka kutoka mezani, ikapiga ukuta na kurudi. Mdogo wangu alifanya lile ambalo fundi yeyote hufanya anapokiona kifaa kikianguka: alinyoosha mkono akidake. Panga lilikata kidole cha shahada cha mkono wake wa kushoto, likafika kwenye kano. (Tangu alasiri hiyo sijaliandika tena neno rafadha katika daftari lile.) Mama aliingia akaona damu, daftari na vipande vya plastiki, akauliza, “Mlikuwa mnasoma au mnachinja?”

Tulikaa hospitalini hadi usiku. Kidole kilishonwa, na kwa majuma sita mdogo wangu hakuweza kushika simu kwa mkono mmoja na chuma cha kulehemu kwa mwingine. Kibanda kilifungwa. Nilimlipia kodi ya miezi miwili kutoka kwa fedha nilizoziweka kwa ajili ya kupiga chapa tasnifu, na sioni kwamba hilo lilinitoa katika deni.

Tukiwa tumekaa kwenye benchi la hospitali, ndiye aliyepiga hesabu ambayo mimi sikuwa nimeipiga. Mapanga yanapozunguka huchora duara lenye kipenyo cha sentimita 70 hivi, yaani mzingo wa mita 2.2. Yakizunguka mara 2,500 kwa dakika, kasi ambayo ni ya kawaida kwa helikopta za ukubwa huo, ncha husafiri mita 5,500 kwa dakika. “Ni kilomita 330 kwa saa, kaka,” alisema, mkono wake ukiwa umeinuliwa ili damu isichuruzike. Baadaye nilisoma kwamba mnamo Septemba 2013, katika bustani moja ya Brooklyn, New York, kijana wa miaka 19 aliyekuwa na uzoefu wa kutosha aliuawa papo hapo na helikopta yake mwenyewe ya mfano, iliyokuwa kubwa kuliko yetu. Watu huiita michezo ya watoto kwa sababu tu haina viti ndani.

Niliporudi nyumbani usiku ule nilifungua kijitabu kile cha Kiingereza kibovu. Onyo kuhusu nyaya za mota lilikuwapo, tena kichwani pa ukurasa, ndani ya kisanduku, kwa herufi nzito. Mimi ndiye niliyelitoa hapo. Niliona kwamba linakatiza mtiririko wa sentensi, nikalishusha chini na kulifanya kishazi tegemezi, likapendeza. Yeyote aliyeisoma sintaksia ajua kwamba kishazi tegemezi chaweza kutangulia au kufuata kishazi huru bila maana kubadilika. Hivyo ndivyo tunavyofundishwa, na kwenye karatasi ni kweli. Lakini msikilizaji aliyeshika rimoti hangoji nukta. Hutenda kadiri anavyosikia, kitenzi kwa kitenzi, na kwake kishazi kinachofuata ni kishazi kilichochelewa.

Januari yote niliyobaki nyumbani tuliliandika daftari upya. Mdogo wangu, mkono wake mmoja ukiwa umefungwa bandeji, ndiye aliyekuwa mhariri. Njia yake ilikuwa rahisi: nilisoma, naye alitenda kwa mkono mzima, kwenye meza tupu, kila alichokisikia, na aliposikia pumziko lolote, hata la mkato, alisimama kana kwamba sentensi imekwisha. Sentensi iliyomfanya atende jambo la hatari kabla ya kusikia sharti lake ilifutwa. Naomba wanaofundisha mtindo waijaribu njia hii darasani. Sijaona uhakiki mkali kuliko huo.

Tuligundua, au tuseme mimi niligundua maana yeye alikuwa akiongea hivyo siku zote, kwamba Kiswahili tayari kina umbo linalofaa kazi hii. Ni lile la -kisha-. “Ukishaondoa mapanga, na ukishatenganisha nyaya tatu, washa rimoti. Ukishawasha rimoti, unganisha betri. Ukishaunganisha betri, sukuma kijiti.” Sharti hutangulia kitendo kama kizingiti kinavyoutangulia mlango, huwezi kuingia bila kulivuka. Tena utaratibu huo wa rimoti kwanza na betri baadaye si wa urembo. Helikopta iliyowashwa huku rimoti imezimwa ni chombo kisicho na mwenyewe, na hakuna ajuaye kitakalofanya. Wakati wa kumaliza ni kinyume: betri kwanza, rimoti mwisho.

Fauka ya hayo tulijihadhari na ukanushi. Mtu aliyeshtuka akiambiwa “usiguse”, sikio lake laweza kuidaka “guse” na kuiacha “usi” ikipotea katika kelele. Palipowezekana tuliandika “rudi nyuma”, “mikono mfukoni”, “zima”. Simaanishi kwamba hii ni kanuni ya lugha. Ni kanuni ya chumba kile.

Mengine tuliyoyaandika yalihusu mpangilio wa chombo, na hapo nilikuwa mwandishi tu wa imla. Mikono ya sevo iwe wima kwa vifito wakati kijiti kiko nusu, kisahani kiwe tambarare, na mwinamo wa mapanga uwe sufuri. Tuliupima kwa kipimo cha plastiki kilichokuwa sandukuni. Ili helikopta ielee, mwinamo wa digrii tano au sita hutosha kwa kawaida, ila Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa asilimia 17 hivi kuliko ya Mombasa. Mapanga ya huku yana kidogo cha kuuma, nasi tukaongeza mwinamo kidogo. Kila panga lipimwe uzito dhidi ya mwenzake, na lililo jepesi liongezwe kipande cha utepe hadi mizani itulie, kwani tofauti isiyohisiwa na kiganja yatosha kuutikisa mwili mzima na kulegeza skrubu. Skrubu zinazoingia katika chuma zitiwe tone la gundi yake. Helikopta ikiinuliwa kwa kichwa cha mlingoti isiangukie pua wala mkia. Ikiinama, betri isogezwe. Kisha jairo: ukiizungusha pua kwa mkono kuelekea kushoto, mapanga ya mkiani yapaswa kujipanga kuirudisha kulia. Yakijipanga kinyume, jairo itaukuza mzunguko badala ya kuuzuia, na helikopta itazunguka kama pia.

Kuhusu betri za lithiamu hakuhitaji kijitabu, maana simu zilizovimba tumbo huletwa kibandani kwake kila wiki. Aliandikisha haraka: kila seli isipite volti 4.2 wakati wa kuchajiwa, isishuke chini ya 3 wakati wa kuruka. Chaji juu ya saruji, ukiwapo. Iliyovimba isichajiwe tena kamwe. Moja ya betri zetu mbili ilikuwa imevimba tayari. Tukabaki na moja, yaani dakika tano za kuruka kwa siku.

Kitale ina uwanja wa ndege, na tangu mwaka 2020 Kenya ina kanuni za vyombo vya angani visivyo na rubani, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Mdogo wangu alishughulikia makaratasi, nasi tukakihamishia chombo kwa nyanya, upande wa Endebess, ambako kuna uwanja wa malisho mpana usio na nyaya za umeme. Niliporejea Aprili alikuwa tayari amefunga fito mbili chini ya helikopta kwa umbo la msalaba, na ncha za fito amezitia vimpira vyepesi ili isipinduke kirahisi.

Asubuhi, kabla ya upepo kuamka, tulisimama mita sita nyuma ya mkia. Kwanza yalikuwa mambo ya mapanga: alikuwa amelizungushia moja utepe mwekundu na jingine wa buluu, ili yakizunguka tuone kama yanapita njia moja. La buluu lilikuwa likipita juu ya jekundu. Akazima, akasubiri mapanga yasimame kabisa, akafupisha kifito chake nusu mzunguko, akajaribu tena. Alirudia hivyo mara nne, na mara zote nne alisubiri mapanga yasimame kabisa.

Kisha ikapanda. Sentimita kumi tu kutoka ardhini, ikiyumba kama mlevi, maana karibu na ardhi chombo husimama juu ya hewa iliyochafuliwa na mapanga yake chenyewe. Ilipofika usawa wa kiuno ilitulia. Mdogo wangu hakupumua. Macho yake yalikuwa kwenye pua, si kwenye mkia, kama daftari linavyoagiza, kwa kuwa pua ndiyo inayokwenda. Na vidole gumba vyake vilisogea kidogo kiasi kwamba nilidhani havisogei. Pua ikikugeukia, kushoto kwako huwa kulia kwake, na hapo ndipo wanaoanza huangusha. Yeye hakuruhusu ikageuka. Nikakumbuka kwamba Mjerumani Dieter Schlüter alihangaika kwa miaka, mwishoni mwa miaka ya 1960, kabla ya helikopta za mfano kukubali kuongozwa hivi. Machozi yalinitoka, nami sikuwa na kazi ya kufanya ila kuangalia uwanja.

Kazi hiyo nayo sikuifanya. Nilikuwa nikiitazama helikopta.

Watoto walitokea nyuma ya ua wa mlonge, kumi au zaidi, wakikimbia. Shule zilikuwa zimefungwa, na mlio ule waliutambua. Walikimbia kama tulivyokimbia sisi, vifua mbele, mikono juu, na sikuwaona hadi walipokuwa hatua thelathini kutoka kwenye mapanga. Nikapaza sauti. Neno lililonitoka, Mungu anisamehe, lilikuwa “Tahadhari!” Hakuna hata mmoja aliyepunguza mwendo. Ni neno la mabango, la matangazo ya redio. Kwao halikuwa na mwili.

Mdogo wangu hakugeuka kuwatazama. Alibonyeza swichi ya kuzima mota, na helikopta, iliyokuwa imefika usawa wa kichwa chake, ikaanguka. Angeweza kuitua, alihitaji sekunde tatu au nne. Panga moja lilivunjika vipande vitatu, mlingoti ukapinda, mkia ukakatika. “Simama!” alisema kisha, kwa sauti isiyo kubwa, nao wakasimama.

Tuliwaita waje baada ya betri kutolewa. Msichana wa miaka minane hivi, aliyekuwa mbele ya wenzake wote, aliokota kipande cha panga, akakipitishia kidole ukingoni.

“Kumbe ni kisu,” alisema.

Mdogo wangu alimnyooshea mkono wa kushoto, akajaribu kukikunja kile kidole, nacho kikakomea nusu kama kinavyokomea hadi leo. Watoto wote walikitazama kwa zamu. Wawili walitaka kukishika, naye akawaachia.

Jioni aliniomba daftari. Hadi siku hiyo maandishi yote yalikuwa yangu. Akaandika chini ya ukurasa wa mwisho, kwa herufi kubwa: “Mtu akikaribia, zima. Usitue. Zima.” Nilimkumbusha tulivyokubaliana kuhusu ukanushi, akaikata “Usitue”. Pakabaki: “Mtu akikaribia, zima. Zima.”

Nikamwambia kwamba sasa neno moja limerudiwa bila sababu.

“Najua,” akasema, akalifunga daftari.